Ua na Upande wa Pili: Familia ya Mtenda Dhuluma Katika Filamu, Kutoka Auschwitz Hadi Thika na Ruiru

Ikisiri

Filamu nyingi zinazohusu dhuluma kubwa za kihistoria husimuliwa kupitia macho ya waliodhulumiwa. Zipo chache, hata hivyo, zinazomwingiza mtazamaji katika nyumba ya mtenda dhuluma na kumketisha mezani pamoja na mkewe na watoto wake. Makala haya yanachunguza mbinu hiyo. Yanaanza na filamu mbili zinazohusu Maangamizi ya Wayahudi, ambayo huitwa pia Holokosti, kisha yanaitumia mizani inayopatikana humo kuzipima filamu zilizosawiri familia za walowezi nchini Kenya, hususan katika eneo la Thika na Ruiru. Hoja kuu ni kwamba filamu ya aina hii haipimwi kwa kiasi cha huruma inayoamsha, bali kwa jinsi inavyomfanya mtazamaji atambue kile ambacho familia hiyo imejizoeza kutokiona na kutokisikia.

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Usemi huu unaielezea kazi ya msanii wa filamu kwa njia ya pekee. Kamera haiwezi kusimama pahali pote kwa wakati mmoja. Ikiwekwa sebuleni, haiko shambani. Ikielekezwa kwenye uso wa mtoto wa bwana, uso wa mtoto wa mpishi hubaki nje ya picha. Kwa hiyo, uamuzi wa pahali pa kuiweka kamera si suala la ufundi tu. Ni uamuzi wa kimaadili.

Mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili anazifahamu dhana za mtenda na mtendwa. Anajua pia kwamba kauli ya kutendwa humwezesha msemaji kumficha mtenda. Mtu akisema kwamba msitu ulifyekwa na mibuni ikapandwa, sentensi yake ni sanifu, lakini haijasema ni nani aliyefyeka, kwa ujira gani na kwa amri ya nani. Filamu nazo zina kauli yake ya kutendwa. Zinaweza kuonyesha nyumba nzuri, bustani iliyotunzwa na meza iliyojaa chakula bila kumtaja aliyevigharimia vitu hivyo kwa ardhi, kwa jasho au kwa uhai wake.

Suala hili halipaswi kuonekana geni kwa msomaji anayeishi kando ya barabara ya Nairobi kwenda Thika. Chuo Kikuu cha Kenyatta, pale Kahawa, kilianzia katika majengo ya kambi ya jeshi la Uingereza yaliyokabidhiwa serikali ya Kenya mwaka wa 1965. Si mbali na hapo lipo gereza la Kamiti. Ukiendelea mbele unafika Ruiru, mji uliozungukwa kwa miongo mingi na mashamba makubwa ya kahawa, na ambao jina lake limebaki katika aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11. Mwisho wa safari ni Thika, ambako hoteli ya Blue Posts, iliyoanzishwa mwaka wa 1908, ingali karibu na maporomoko ya mito ya Chania na Thika. Katika masafa hayo mafupi zimo bustani na kuta zote ambazo makala haya yanazizungumzia.

Ni lazima itajwe mapema kwamba lengo hapa si kudai kuwa Maangamizi ya Wayahudi na ukoloni wa Kiingereza nchini Kenya ni jambo moja. Utawala wa Nazi uliwaua Wayahudi wapatao milioni 6 kwa mpango uliokusudia kuufuta umma mzima. Ukoloni nchini Kenya ulikuwa na malengo, vyombo na historia tofauti. Kinacholinganishwa ni mbinu ya kisanaa: nyumba, familia, na jicho linalotazama kutoka ndani.

2.0 Familia ya Mtenda Katika Filamu za Maangamizi ya Wayahudi

Filamu ya kwanza ya kuzingatiwa ni The Boy in the Striped Pyjamas, iliyoongozwa na Mark Herman na kutolewa mwaka wa 2008 kutokana na riwaya ya John Boyne ya mwaka wa 2006. Mhusika mkuu ni Bruno, mtoto wa miaka minane, ambaye baba yake ni mkuu wa kambi ya mauaji. Bruno hajui kambi ni nini. Anadhani ni shamba, na wafungwa ni wakulima wenye mavazi ya ajabu. Anafanya urafiki na Shmuel, mtoto Myahudi aliye upande wa pili wa seng'enge. Mwishoni anapenya chini ya seng'enge hiyo na kufa pamoja na rafikiye katika chumba cha gesi.

Filamu hii imewaliza watazamaji wengi. Hata hivyo, yafaa kuuliza machozi hayo yanamwendea nani. Katika dakika za mwisho, kamera inamfuata mama wa Bruno anayelia na baba anayeita jina la mwanawe. Kifo cha Shmuel kinamezwa na kifo cha Bruno. Mtazamaji anahuzunika kwa sababu mtoto asiyestahili kuwamo ameingia kimakosa, kana kwamba waliobaki ndani walistahili. Isitoshe, kutojua kwa Bruno kunatandazwa juu ya familia nzima kama shuka jeupe. Mnamo Januari 2020, Jumba la Kumbukumbu la Auschwitz lilitahadharisha hadharani kwamba riwaya hiyo iepukwe na yeyote anayesoma au kufundisha historia ya Maangamizi.

Filamu ya pili, The Zone of Interest, iliongozwa na Jonathan Glazer na kutolewa mwaka wa 2023. Nayo pia imo ndani ya nyumba ya mkuu wa kambi, lakini mkuu huyu alikuwa mtu wa kweli: Rudolf Höss, aliyeiongoza Auschwitz, mahali walipouawa watu wapatao milioni 1.1, wengi wao Wayahudi. Höss aliishi na mkewe Hedwig na watoto wao watano katika nyumba iliyopakana na ukuta wa kambi. Alinyongwa papo hapo Auschwitz mnamo Aprili 1947.

Glazer hamwonyeshi mtazamaji mauaji hata mara moja. Anamwonyesha Hedwig akimwonyesha mama yake maua na mboga alizopanda. Anamwonyesha akijaribu koti la manyoya lililoletwa kutoka upande wa pili wa ukuta, huku watoto wakicheza na kuogelea bustanini. Lakini sauti haizuiliki. Milio ya bunduki, vilio, amri na mngurumo wa tanuri usiokoma vinaingia katika kila onyesho. Wanafamilia hawageuki kutazama. Mtazamaji ndiye anayegeuka. Filamu hii ilipata tuzo mbili za Oscar mwaka wa 2024, mojawapo ikiwa ya sauti, na tuzo hiyo ya sauti iliistahiki kuliko yoyote nyingine, kwani ushahidi wote wa filamu umo masikioni.

Tofauti kati ya filamu hizi mbili ndiyo mizani ya makala haya. Katika ya kwanza, kutojua ni hali ya asili ya mtoto, nayo inatumiwa kuitakasa nyumba. Katika ya pili, kutojua ni kazi inayofanywa kila siku na watu wazima wanaojua. Hedwig anajua: anapomkasirikia mtumishi wa nyumbani, anamtisha kwamba mumewe anaweza kuyatawanya majivu yake mashambani. Mama yake naye anajua. Usiku mmoja anautazama mwanga wa moto dirishani, na kunapokucha hayupo, amekwenda zake bila kuaga.

3.0 Thika na Ruiru: Historia Iliyo Nyuma ya Ua

Neno «ua» katika Kiswahili lina maana zaidi ya moja. Ni sehemu ya mmea inayochanua, na pia ni uzio wa nyumba. Likitumiwa kama kitenzi, ni amri ya kutoa uhai. Historia ya walowezi wa Thika na Ruiru imezibeba maana zote tatu.

Reli ya kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka wa 1913. Ardhi ya eneo hilo ilikwisha kuanza kugawiwa wazungu kwa ajili ya kahawa na katani. Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 1915 iliwawezesha walowezi kukodi mashamba kwa muda wa miaka 999, huku Mwafrika akihesabiwa kuwa mpangaji tu kwa hisani ya serikali. Kodi ya nyumba ilimlazimisha kutafuta fedha. Kipande, kilichoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kilimfunga kwa mwajiri. Wagikuyu hawakuruhusiwa kupanda kahawa, zao lile lile walilolipalilia na kulichuma kila msimu, hadi miaka ya hamsini.

Mnamo tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Wagikuyu zaidi ya milioni moja walihamishwa kwa nguvu na kurundikwa katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na seng'enge. Kwa mujibu wa mwanahistoria David Anderson, watu 1,090 walinyongwa kwa hukumu za mahakama, ilhali raia wa kizungu waliouawa na Mau Mau katika kipindi chote hicho walikuwa 32. Wanawake waliotuhumiwa kuwasaidia wapiganaji walifungwa Kamiti. Dedan Kimathi alinyongwa katika gereza hilo hilo tarehe 18 Februari 1957. Mashamba ya kahawa ya Ruiru yalikuwa karibu tu na hapo.

Mwaka wa 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imehifadhi kwa siri maelfu ya majalada ya makoloni yake ya zamani, yakiwemo ya Kenya. Mnamo Juni 2013 ilieleza masikitiko yake bungeni na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228 walioteswa. Kwa hiyo, swali la jinsi filamu zilivyoisawiri familia ya mlowezi si la wahakiki pekee. Kwa miaka karibu hamsini, ambapo majalada yalikuwa yamefichwa, filamu ndizo zilizoushuhudishia ulimwengu habari hizo.

4.0 Mtoto na Bustani: The Flame Trees of Thika

Hakuna kazi iliyolitangaza jina la Thika kote duniani kama The Flame Trees of Thika. Ni kumbukumbu za Elspeth Huxley zilizochapishwa mwaka wa 1959, na ambazo mwaka wa 1981 zilifanywa tamthilia ya televisheni yenye sehemu 7 na kampuni ya Thames ya Uingereza. Hayley Mills aliigiza nafasi ya mama, Tilly, naye Holly Aird akaigiza nafasi ya Elspeth mtoto. Hadithi inaanza mwaka wa 1913, familia inaposafiri kwa gari la kukokotwa na maksai kwenda kwenye ardhi ambayo baba aliinunua akiwa Nairobi, na inakoma Vita vya Kwanza vya Dunia vinapozuka.

Haki itendeke: wazazi hao hawakuwa wauaji, na Huxley alikuwa mwandishi mwenye jicho kali na ucheshi. Aliwacheka walowezi kwa majivuno yao, na Waafrika katika kazi yake wana majina, akiwemo msimamizi Sammy na kijana Njombo. Hapa istilahi ya mtenda inahitaji kufafanuliwa. Yupo mtenda aliyeshika bunduki, na yupo mnufaika aliyeishi vyema kwa sababu bunduki ilikwisha kushikwa na mwingine. Familia ya Elspeth ni ya wanufaika.

Lakini tazama kile kinachotokea jicho likiwa la mtoto. Elspeth anafika na kuikuta ardhi ikiwa tupu, kwa sababu mtoto huona kilichopo, haoni kilichoondolewa. Kazi ya kufyeka, kuchimba na kupanda inaonekana kama mchezo mkubwa wa kusisimua. Mgogoro mkuu miongoni mwa Waafrika unahusishwa na uchawi, wala si ardhi, kodi au ujira. Watazamaji wa mwaka wa 1981, wakiwa Uingereza iliyokwisha kupoteza himaya yake, walipewa Afrika ya asubuhi, ambayo jioni yake haionyeshwi.

Kinaya ni kwamba kitabu kilichapishwa mwaka ule ule wa mauaji ya Hola, ambapo tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa na walinzi hadi kufa. Huxley mtu mzima aliijua vyema siasa ya Kenya. Alikwisha kuandika wasifu wa Lord Delamere mwaka wa 1935 na kushiriki katika mijadala ya wazi kuhusu mustakabali wa koloni. Aliyechaguliwa kusimulia, hata hivyo, ni yule msichana asiyejua. Kwa mizani iliyotajwa, tamthilia hii imesimama karibu na Bruno kuliko na Hedwig. Kutojua kunawasilishwa kama neema.

5.0 Nyumba Iliyozingirwa: Simba na Something of Value

Filamu zilizotengenezwa wakati vita vya Mau Mau vikiendelea zilitumia mbinu nyingine. Simba, iliyoongozwa na Brian Desmond Hurst mwaka wa 1955, inaanza kwa Mwafrika anayeendesha baiskeli kwa utulivu. Anasikia mzungu aliyejeruhiwa akiomba msaada, anashuka, anamkaribia, kisha anammaliza kwa panga. Tangu dakika hiyo mtazamaji amefundishwa jinsi ya kuutazama kila uso mweusi utakaoingia katika nyumba ya mlowezi. Kikulacho ki nguoni mwako: huo ndio ujumbe. Nyumba yenye taa, vikombe vya chai na wanawake wenye hofu inageuka ngome, na usiku wa nje unakosa jina na sababu.

Hofu hiyo ilikuwa na chanzo cha kweli. Mnamo Januari 1953 familia ya Ruck, mume, mke na mtoto wao mdogo, iliuawa nyumbani kwake Kinangop, na picha za chumba cha mtoto huyo zilienea duniani. Hakuna mhakiki mwadilifu atakayekidharau kifo cha mtoto. Tatizo ni kwamba filamu ilikifanya kitanda kimoja kiwe pazia la kuvifunika vijiji vizima vilivyozungushiwa seng'enge.

Something of Value, ya Richard Brooks (1957), ilijaribu kwenda mbali zaidi. Peter, mwana wa mlowezi, anayeigizwa na Rock Hudson, na Kimani, anayeigizwa na Sidney Poitier, wamekua pamoja kama ndugu. Kimani anapigwa kofi na jamaa wa Peter, baba yake anafungwa, naye anaingia msituni. Filamu inakiri kwamba kulikuwa na sababu, na hilo lilikuwa jambo zito kwa wakati wake. Hata hivyo, mwisho wake unafichua mipaka yake: Kimani anakufa, na Peter anamchukua mtoto mchanga wa Kimani ili alelewe katika nyumba ya mlowezi. Suluhisho la dhuluma, kwa mujibu wa filamu, ni kumpeleka mtoto wa mtendwa ndani ya ua wa mtenda. Shamba lenyewe halirudishwi.

6.0 Jikoni: The Kitchen Toto na Lugha ya Amri

Filamu inayokaribia zaidi kuijibu mizani ya makala haya ni The Kitchen Toto ya Harry Hook, iliyotolewa mwaka wa 1987. Hadithi yake imewekwa mwaka wa 1950. Mwangi, anayeigizwa na Edwin Mahinda, ni mwana wa mhubiri wa Kigikuyu aliyeuawa na Mau Mau. Anachukuliwa na afisa wa polisi wa kizungu, John Graham, kuwa mtumishi wa jikoni. Baadaye analazimishwa kula kiapo usiku. Tangu hapo ana mabwana wawili, na hakuna hata mmoja anayemuuliza anachotaka.

Hook hakuihamisha kamera kutoka nyumba ya mtenda. Aliishusha tu, kutoka sebuleni hadi jikoni. Badiliko hilo dogo linageuza kila kitu. Afisa Graham si zimwi. Ni baba, ni mume, ni mtu anayedhani anatenda wema. Lakini wema wake unatazamwa na mtoto anayeosha sahani zake, na kutoka hapo unaonekana ulivyo: wema wenye kikomo, unaotolewa na kuondolewa kwa hiari ya mtoaji. Urafiki wa Mwangi na Edward, mwana wa Graham, nao haufanani na ule wa Bruno na Shmuel. Watoto hawa hawako sawa hata wanapocheza, na filamu haijifanyi kwamba wako sawa.

Jina la filamu ni somo kamili kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Neno «mtoto» limo katika ngeli ya A-WA, ngeli ya watu, na kiambishi chake ni m-. Walowezi walikiondoa kiambishi hicho wakabaki na «toto». Katika sarufi ya Kiswahili umbo hilo lipo, lakini ni la ukubwa, nalo mara nyingi hubeba dharau. Hivyo, mtumishi mdogo wa jikoni alivuliwa kiambishi cha utu kabla ya kupewa vazi la kazi. Mtu mzima naye, hata akiwa na wajukuu, aliitwa «boi».

Hiyo ndiyo lugha iliyojulikana kama Kisetla. Mwaka wa 1936 F. H. Le Breton alichapisha kitabu cha Kiswahili kilichorahisishwa kwa ajili ya walowezi, askari, wachimba migodi, wafanyabiashara na wake zao. Katika lugha ya namna hiyo upatanisho wa kisarufi ulipuuzwa na vitenzi vikabaki kuwa amri: lete, ondoa, kwenda, pesi pesi. Lugha ya amri haina nafasi ya jibu. Ndani ya ua wa mlowezi, Kiswahili kilifanya kazi iliyofanywa na ukuta kule Auschwitz: kiliziwezesha pande mbili kuishi karibu bila upande mmoja kulazimika kuusikia mwingine.

Mfano wa kinyume unapatikana katika filamu ya Kijerumani Nirgendwo in Afrika, ya Caroline Link (2001), iliyopata tuzo ya Oscar mwaka wa 2003 na inayotokana na kitabu cha Stefanie Zweig. Familia ya Kiyahudi inakimbia Ujerumani ya Hitler na kuishi kwenye shamba nchini Kenya. Hapa masuala mawili ya makala haya yanakutana katika nyumba moja. Wanaowindwa kwao wanakuwa «bwana» na «memsahibu» ugenini, na mama anaanza kwa kumdharau mpishi Owuor, anayeigizwa na Sidede Onyulo, kwa namna ambayo yeye mwenyewe alidharauliwa Ulaya. Mtoto wao Regina, kinyume chake, anajifunza Kiswahili kwa Owuor, na anajifunza kuuliza, si kuamuru tu. Filamu hii nayo haisemi mengi kuhusu mwenye ardhi ile. Lakini inaonyesha jambo ambalo filamu nyingine hazionyeshi: kwamba utendwa wa jana haumkingi mtu na utenda wa leo, na kwamba ua huanza kubomoka pale mtoto wa bwana anapokubali kuwa mwanafunzi wa mpishi.

7.0 Kile Ambacho Riwaya Ilikwisha Kufanya

Yafaa kukumbuka kwamba waandishi wa Kenya walikwisha kuingia katika nyumba ya mtenda kabla ya filamu nyingi zilizotajwa. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, alifanya hivyo katika A Grain of Wheat (1967). John Thompson ni afisa aliyeongoza kambi ya Rira, ambako wafungwa walikufa kwa namna inayomkumbusha msomaji mauaji ya Hola. Riwaya haimwonyeshi kama zimwi. Inamwonyesha akiwa na daftari lake la mawazo makuu juu ya ustaarabu, na mkewe Margery akiwa na maua yake bustanini. Miaka zaidi ya hamsini kabla ya Hedwig kuonekana kwenye skrini, Margery alikwisha kuinamia maua hayo.

Ngũgĩ alifanya jambo jingine lililo gumu zaidi. Katika riwaya hiyo hiyo yumo Karanja, Mgikuyu aliyejiunga na walinzi wa serikali, wale walioitwa homugadi, akawatawala wenzake kwa bunduki ya mzungu. Hapa ndipo suala la familia ya mtenda linapoacha kuwa habari ya watu waliokwisha kurudi kwao. Nchini Kenya ua haukupita kati ya mzungu na Mwafrika tu. Ulipita katikati ya vijiji, na pengine katikati ya boma moja, ambapo ndugu mmoja alikuwa msituni na mwingine mnarani akilinda. Wajukuu wa pande hizo mbili wanakaa leo katika darasa moja. Riwaya ya Kiswahili iliyojaribu mapema kuvizungumzia vita hivyo, Kaburi Bila Msalaba ya P. M. Kareithi (1969), inastahili kurudiwa kwa jicho hilo.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kuiweka kamera katika nyumba ya mtenda si kosa kwa yenyewe. Mbinu hiyo inaweza kuficha, na inaweza kufichua. Huficha inapoifanya nyumba kuwa dunia nzima, kama katika Simba, au inapomtuma mtoto asiyejua aje kutushuhudia, kama katika The Flame Trees of Thika na The Boy in the Striped Pyjamas. Hufichua inapoufanya ua wenyewe kuwa mada: inapotusikilizisha kilicho nyuma yake, kama alivyofanya Glazer, au inapotuteremsha jikoni, kama alivyofanya Hook.

Katika kuzihakiki filamu za aina hii, yafaa maswali matatu yaulizwe. Je, ni nani aliye na jina, na ni nani anayeitwa kwa kazi yake tu? Je, ni nani anayesema, na ni nani anayeamriwa? Na je, ni sauti gani inayouvuka ua, na ni nani anayejifanya haisikii? Miongoni mwa filamu zilizojadiliwa hapa, hakuna iliyoiketisha familia ya mlowezi mezani huku wanawake wa Kamiti wakisikika kwa mbali. Wala hakuna iliyoketi katika nyumba ya homugadi na kuwasikiliza watoto wake wakiuliza baba anafanya kazi gani.

Siku hizi mashamba mengi ya kahawa ya Ruiru yamekatwa viwanja, na mibuni imeng'olewa ili kupisha nyumba za kupanga na mitaa mipya yenye mageti. Walioichuma kahawa hiyo wakiwa «toto» sasa ni wazee waliobaki wachache. Asiyekuwapo na lake halipo. Lugha ambayo zamani ilitumiwa kuwaamuru ndiyo wanayoizungumza na wajukuu wao leo, na ndiyo inayosomwa katika vyuo vilivyo kando ya barabara hiyo. Kama kuna filamu itakayousimulia upande wa pili wa ua, mswada wake uandikwe kwa Kiswahili chenye viambishi vyake vyote.

Maswali ya Mjadala

1. Linganisha jinsi kutojua kwa mtoto kunavyotumiwa katika The Boy in the Striped Pyjamas na The Flame Trees of Thika.
2. «Mnufaika si mtenda.» Jadili kauli hii kwa kurejelea familia za walowezi zilizozungumziwa katika makala haya.
3. Eleza jinsi lugha ya amri inavyojenga mahusiano ya wahusika katika filamu au riwaya yoyote uliyoisoma inayohusu kipindi cha ukoloni.
4. Je, yawezekana kuisawiri familia ya homugadi kwa haki bila kuwadhulumu tena waliodhulumiwa? Toa hoja zako.